Umeomba kazi nyingi mtandaoni na hakuna anayejibu? Tafuta maombi yanapokwama

Karibu kila wiki anaingia mtu kwenye steshenari yangu hapa Morogoro, anaweka simu mezani na kusema, "Kaka, nimeomba kazi arobaini, hata moja haijanijibu. Nisaidie nitume nyingine." Huwa simtumii nyingine. Namuuliza kwanza hizo arobaini zilikwama wapi. Wengi hawajui, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza. Maji yakikata jikoni huongezi ndoo. Unalifuata bomba mpaka uone lilipopasuka.

Nimeona vijana wenye vyeti vizuri wakikaa nyumbani miaka miwili kwa sababu ya herufi moja ya jina, au muhuri uliofifia, au neno moja walilokuwa wakiliandika Google kila asubuhi. Inaniuma, kwa kuwa mambo haya yanarekebishika kwa siku moja au wiki moja. Kwa hiyo tufuate dalili moja baada ya nyingine.

Anza na daftari

Chukua daftari la kawaida. Andika kila ombi ulilotuma miezi mitatu iliyopita: tarehe, jina la nafasi kama lilivyokuwa kwenye tangazo, tangazo uliliona wapi, ulituma kwa njia gani, na nini kikafuata. Watu wengi hushtuka hapa. Yale maombi arobaini yanageuka kumi na moja. Mengine yalianzishwa kwenye mfumo yakaachwa njiani bando lilipoisha, mengine ni ujumbe wa "naomba kazi" uliotumwa kwenye namba ya WhatsApp iliyopatikana kwenye grupu.

Ukimaliza, soma safu ya mwisho. Kama daftari lina mistari mitatu tu, shida yako ni kupata matangazo. Kama mistari ni mingi lakini mifumo inakukatalia, shida iko kwenye nyaraka. Kama yanafika halafu kimya, unachujwa. Kama unaitwa na huendelei, shida iko kwenye usaili. Dawa ya moja haitibu nyingine. Mtu anayechujwa kwa sababu cheti chake hakina muhuri wa wakili hatasaidiwa na kujiunga na magrupu mengine matano.

Dalili: kila ukitafuta unaona matangazo yaleyale, au yaliyokwisha muda

Chanzo cha kwanza ni maneno unayotafutia. Dada mmoja mwenye stashahada ya uhazili alikuwa akiandika "nafasi za kazi leo" kila asubuhi. Nikamwomba aitaje kazi anayoitaka kwa jina. Akasema, "Usekretari." Serikalini nafasi hiyo iliitwa Katibu Mahsusi kwa miaka mingi, na siku hizi matangazo yanaandika Mwandishi Mwendesha Ofisi. Kampuni binafsi na mashirika hutangaza kwa Kiingereza, na kila moja ina jina lake: Secretary, Office Administrator, Administrative Assistant, Personal Secretary. Kazi ni ileile, majina sita. Yeye hakuwa akitafuta hata moja kati ya hayo.

Tukayaandika yote kwenye karatasi, kisha nikamwonyesha jinsi ya kuibana Google. Tuliandika hivi:

"Mwandishi Mwendesha Ofisi" site:go.tz

Alama za kunukuu zinaiambia Google itafute maneno hayo yakiwa yamefuatana hivyohivyo, badala ya kuokota kila ukurasa wenye neno ofisi. Sehemu ya site:go.tz inaizuia isitoke nje ya tovuti za Serikali ya Tanzania. Usiache nafasi kati ya nukta mbili na go.tz, maana ukiacha tu, maelekezo hayashiki. Matokeo yakabadilika palepale. Badala ya kurasa zenye matangazo ya biashara yanayofunika nusu ya skrini, zikaja PDF za halmashauri zenyewe, zenye nembo na sahihi ya mkurugenzi.

Zikija za miaka ya nyuma, na zitakuja, bonyeza Zana kisha uchague wiki iliyopita au mwezi uliopita. Kwenye simu itabidi uusogeze ule mstari wenye Picha na Habari mpaka mwisho ndipo uione. Unaweza pia kuongeza after: na tarehe mbele yake, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa majina mawili kwa pamoja, weka neno OR kwa herufi kubwa katikati, kama "Afisa Ugavi" OR "Procurement Officer". Na kama kuna kitu kinajaza matokeo bure, kiondoe kwa alama ya kutoa iliyogusana na neno lenyewe, mfano -udereva.

Chanzo cha pili ni kusoma nakala ya nakala. Kurasa nyingi za matangazo ya kazi zinachukua tangazo, zinakata nusu, zinabadilisha kichwa na kulirusha upya. Nimeshaona tangazo la miaka miwili nyuma likizunguka kwenye magrupu likiwa na kichwa cha "mpya leo". Hizo kurasa ni nzuri kwa kusikia fununu, na fununu hufuatwa mpaka mlangoni. Ukiona nafasi ya Serikali, fungua portal.ajira.go.tz uihakikishe, au tovuti ya halmashauri iliyotajwa, kwa kuwa halmashauri zikipata kibali cha ajira hutoa tangazo lao lenyewe lenye kumbukumbu namba na tarehe ya mwisho. Zanzibar ina Tume yake ya Utumishi Serikalini na utaratibu wake, usiuchanganye na wa Bara. Ukiona nafasi ya kampuni, nenda ukurasa wa kazi wa kampuni hiyo. Za mashirika ya misaada zinakusanywa vizuri na ReliefWeb, inayoendeshwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu. Pale unachagua nchi na kuona tarehe ya mwisho ya kila nafasi.

Kwa mwenye bando dogo, kuzunguka tovuti zote hizo kila siku ni gharama. Tumia Google Alerts. Unaweka yale maneno uliyokwisha kuyabana, unaweka barua pepe yako, na Google inakuletea kurasa mpya yenyewe. LinkedIn nayo ina kengele ya aina hiyo kwa kila utafutaji, na ina chujio la matangazo ya saa 24 zilizopita. Litumie hilo chujio: ombi la siku ya kwanza lina nafasi nzuri ya kusomwa na mtu ambaye hajachoka.

Dalili: mfumo unakugomea

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ninapoona machozi. Nazungumzia hasa mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ule watu wanaouita Ajira Portal, maana nafasi nyingi za Serikali, zikiwemo za halmashauri, zinaombewa humo.

Kwanza, akaunti ni ya nani? Kuna vijana waliofunguliwa akaunti na mtu wa steshenari kwa barua pepe ya yule mtu wa steshenari. Nenosiri likipotea, kiungo cha kubadilisha kinakwenda kwa mtu ambaye amehama mji. Ukiniuliza mimi mwenye biashara hiyo, nitakwambia: usikubali. Fungua barua pepe yako mwenyewe, kwenye simu yako mwenyewe, andika nenosiri kwenye lile daftari, halafu ndipo uje tukusaidie kuskani.

Pili, namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Isome sasa hivi. Kama namba yako inaanza na 19980314 na cheti cha kuzaliwa kinasema 1997, una tatizo ambalo halitatatuliwa na kompyuta yangu; linatatuliwa ofisi ya NIDA ya wilaya, na ni afadhali ulishughulikie kabla tangazo halijatoka.

Tatu, majina. Mfumo unachukua majina yako kutoka NIDA, lakini vyeti vyako viliandikwa na mwalimu wa darasa la saba. Athumani wa kwenye kitambulisho ni Athuman kwenye cheti cha kidato cha nne na Othman kwenye stashahada. Mwanaidi amekuwa Mwanahidi. Dada ameolewa, akaandikishwa NIDA kwa jina la mume. Au jina la kati limebaki herufi moja tu yenye nukta. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja, hata mjumbe wa nyumba kumi atathibitisha. Kwa msaili ni watu wawili au watatu. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili hukumbusha kila mara kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kiapo ya majina iliyosajiliwa. Usingoje kuitwa. Tandika vyeti vyako vyote mezani, kimoja chini ya kingine, na ufuate jina lako kwa kidole, herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili wiki hii.

Nne, kozi uliyojaza. Mfumo unalinganisha ulichojaza kwenye elimu yako na sifa zilizo kwenye tangazo. Kijana ana shahada, lakini aliharakisha akachagua kozi inayofanana na yake kwenye orodha, au akajaza stashahada kwenye ngazi ya astashahada. Mfumo unamwambia hana sifa, naye anaamini. Rudi kwenye sehemu ya elimu, chukua cheti mkononi, na chagua jina la kozi kama cheti kinavyosema.

Tano, vyeti vyenyewe. Soma masharti ya jumla chini ya tangazo, yale maandishi ambayo kila mtu anayaruka. Yanasema vyeti vithibitishwe na mwanasheria au wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Yanasema hati za matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, wanataka cheti. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake viwe vimehakikiwa na TCU (vyuo vikuu), NECTA (sekondari) au NACTVET (vyuo vya kati na ufundi), kulingana na ngazi. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa waliomo tayari kwenye utumishi wa umma. Hakuna namna ya kubembeleza haya. Ukikosa moja, chanzo cha ukimya unacho mkononi.

Muhuri wa wakili wa buluu hupotea ukipiga picha usiku chini ya taa ya njano. Toka nje, au kaa karibu na dirisha, asubuhi. Tumia kitufe cha kuskani kilichomo ndani ya Google Drive kwenye Android. Kinanyoosha karatasi, kinaondoa kivuli cha mkono wako na kutoa PDF. Kurasa za cheti kimoja ziwe faili moja. Faili likizidi ukubwa unaotajwa kwenye mfumo, skani upya kwa rangi ya kijivu kabla ya kukimbilia tovuti za kupunguza faili, kwa sababu huko unapakia cheti chako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Sita, barua. Barua nyingi zinanakiliwa kutoka ombi la mwaka jana. Tangazo likitoka Sekretarieti, barua inaelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, Dodoma. Tangazo likitoka halmashauri, barua inaelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri hiyo, ingawa unaipakia kwenye mfumo uleule. Nimeshuhudia barua ya kuomba Kilosa ikimsalimu mkurugenzi wa Mvomero. Na uisaini. Barua isiyo na sahihi ni karatasi tu. Chapa, saini kwa kalamu, skani.

La mwisho ni siku ya mwisho. Usiku ule kila mtu Tanzania nzima yuko ndani ya mfumo, na kile kiduara kinazunguka tu. Jipangie tarehe yako ya mwisho siku tatu kabla ya ile ya tangazo.

Dalili: ombi limefika, kimya

Kabla ya kulaumu koneksheni, angalia kama umeshajibiwa bila kujua. Kwenye Ajira Portal, orodha ya wanaoitwa kwenye usaili ikitoka na jina lako halimo, ingia kwenye akaunti yako, sehemu ya maombi yako. Sababu ya kutoitwa huandikwa pale. Watu wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo. Kijana anakaa akisema "wana watu wao" na kwenye akaunti yake pameandikwa kwamba cheti hakikuthibitishwa.

Kwa kampuni binafsi, fungua kasha la barua taka kwenye barua pepe yako. Fungua pia ile anwani ya zamani uliyoiandika kwenye CV miaka mitatu iliyopita. Kisha piga namba ya simu iliyo kwenye CV yako ukitumia simu ya mwenzio, usikie kama inaita.

Kama hakuna kitu huko, basi unachujwa, na kinachochuja ni tofauti kati ya tangazo na ulichotuma. Nitakuonyesha kwa mfano wa nafasi inayotangazwa mara kwa mara, Dereva Daraja la II. Tangazo linataka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C, uzoefu usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Alikuja bwana mmoja aliyeendesha malori kwenda Tunduma kwa miaka tisa. CV yake ilikuwa na kurasa nne: shule ya msingi, dini, timu anayoipenda, "mchapakazi na mwaminifu". Leseni aliitaja bila kusema daraja. Miaka tisa aliiandika kwa maneno mawili, "uzoefu mkubwa". Cheti cha VETA alikuwa nacho nyumbani, ndani ya Kurani ya mama yake kisikunjike, lakini hakukipakia kwa sababu aliona leseni inatosha.

Tulichukua kalamu tukapigia mstari kila sifa kwenye tangazo, tukaipa namba. Kisha tukatafuta kila namba iko wapi kwenye CV. Sifa isiyo na jibu la wazi, tukaliandika: leseni daraja E tangu mwaka fulani, malori ya tani ngapi, njia gani, mwajiri yupi, kuanzia lini mpaka lini, bila ajali. CV ikashuka hadi kurasa mbili. Fanya hivi kwa kila ombi. Inachukua saa nzima, na ndiyo maana maombi manne ya namna hii ni kazi ya wiki, wala siyo uvivu.

Tumia maneno ya tangazo. Wakisema "usuluhishi wa hesabu za benki", usiandike "mambo ya fedha". Kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa huwa na programu zinazosoma CV kabla ya mtu, na programu hizo huhangaika na CV yenye majedwali, safu mbili na vimchoro vya nyota za kuonyesha unajua Kompyuta kiasi gani. Maandishi ya kawaida, vichwa vya kawaida, PDF iliyotoka kwenye kompyuta moja kwa moja. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu mara nyingi haisomeki kwa programu za namna hiyo.

Ukituma kwa barua pepe, kichwa kiwe jina la nafasi na kumbukumbu namba kama ipo. Faili lako liitwe kwa jina lako na nafasi. Mtu aliyepokea mafaili mia mbili yanayoitwa "CV mpya" hana namna ya kukupata tena hata akikupenda. Na usiache barua pepe tupu yenye viambatisho tu. Mistari minne ya salamu, nafasi unayoomba, sifa yako kubwa na namba ya simu inatosha.

Dalili: unajibiwa haraka mno, na kuna "pesa kidogo" ya kutoa

Ukimya unachosha, lakini hii ndiyo dalili ninayoiogopa. Umetuma CV asubuhi, saa sita mchana unapigiwa: umepata kazi, mshahara mnono, tuma elfu thelathini ya fomu, au ya vipimo vya afya, au ya sare. Mtu aliyekaa bila kazi mwaka mzima anataka sana kuamini. Alikuwepo mama aliyeuza mbuzi wawili ili mwanawe apate kazi ya bandarini kwa namna hiyo. Mimi ndiye niliyemchapishia "barua ya ajira" aliyotumiwa, na tulipoisoma kwa pamoja tukakuta mhuri wenye jina la wizara lililokosewa.

Kuomba kazi serikalini ni bure. Unachonilipa mimi ni karatasi, wino na muda wangu. Umoja wa Mataifa unasema wazi kwenye matangazo yake kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala wa ajira wasimtoze mfanyakazi. Kwa hiyo pesa ikitajwa, simama hapo.

Jifunze kusoma anwani kuanzia nyuma. Tovuti ya Serikali inaishia na .go.tz kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://. Ikiwa na maneno ajira na go-tz katikati lakini mwisho wake ni .com, haihusiani na Serikali. Barua pepe ya UNICEF inaishia @unicef.org, ile yenye neno unicef mbele na @gmail.com nyuma inaweza kufunguliwa na yeyote, hata mimi, kwa dakika tatu.

Wengine hawataki pesa, wanataka namba yako ya NIDA, picha ya kitambulisho na alama ya kidole "kwa ajili ya mkataba". Wanasajili laini kwa jina lako na kuzitumia kutapeli wengine. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ifutwe. Namba ya tapeli iripoti kwenye 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kama pesa imeshatoka, piga simu kwa mtandao wako wa pesa mara moja, kisha polisi.

Kazi za nje zina hatari yake. Kwa anayekwenda Oman, Saudia au Dubai, hakiki kama wakala ana kibali: kwa Bara ni TaESA, yaani huduma za ajira za Serikali, kwa Zanzibar ni Kamisheni ya Kazi, na walioko Kenya waangalie orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ya mwaka 2021, inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kumwajiri, kwa hiyo wakala anayekudai "pesa ya viza ya mwajiri" anakudai kisicho chako. Usisafiri kwa viza ya utalii kwa ahadi kwamba ya kazi itakukuta huko. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya ilionya vijana wake juu ya matangazo ya kazi nzuri za Thailand. Waliokwenda walijikuta wamevushwa hadi Myanmar, wamefungiwa, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Matangazo yale yalikuwa kwa Kiingereza safi, na mshahara kwa dola.

Dalili: unaitwa usaili, kisha basi

Hapa mtandao umemaliza kazi yake kubwa na vyeti vyako vinafaa, kwa hiyo usiviguse tena. Angalia ulianguka hatua gani. Serikalini kuna mchujo wa kuandika, kwa baadhi ya kada kuna wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Anayeanguka kwenye kuandika arudi kwenye madaftari ya chuo na majukumu yaliyo kwenye tangazo. Anayefika mahojiano na kukwama afanye mazoezi ya kuongea kwa sauti mbele ya mtu, Kiswahili na Kiingereza, mpaka aache kutetemeka. Namba ya mtihani inachukuliwa kwenye akaunti yako. Iandike kabla ya siku yenyewe, na ubebe vyeti halisi, maana nakala hazikufikishi ndani.

Tena, kufaulu usaili na kutopangiwa kituo siyo kushindwa. Sekretarieti huwaweka waliofaulu kwenye kanzidata, na nafasi inapopatikana huwaita bila kuwasaili tena. Orodha za kuitwa kazini huwa na watu waliofanya usaili miezi mingi nyuma, ambao wengine wameshasahau. Kwa hiyo endelea kuzifungua orodha hizo kila zinapotoka, tafuta jina lako ndani ya PDF kama lilivyo kwenye akaunti, na uendelee kuingia kwenye akaunti yenyewe. Na ile laini ya simu uliyoiandika kule, hata kama umeshahamia mtandao mwingine, iwekee vocha.